Mgeni njoo, mwenyeji apone: amana ya msafiri baada ya Korona

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote walioufuata mwenendo wake mwema. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, unapokaribia mwisho wa mwaka, mabasi yanayopanda mlima Kitonga kuja Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya huwa yamejaa watu wanaorejea kwao. Wamo waliokwenda kutafuta riziki Dar es Salaam, na wamo waliovuka bahari wakaishi Muscat, Dubai au London, ambao sasa wanakuja na watoto waliozaliwa huko, watoto wasiopata kuuona ukungu wa asubuhi wa Mufindi wala kumpa mkono bibi yao. Hili ni jambo jema. Kuunga udugu ni katika mambo yaliyohimizwa sana na dini yetu, na wahenga walikwishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Methali hiyo ina neno moja zito, nalo ni "apone". Wahenga walitarajia kuwa ujio wa mgeni utakuwa heri kwa mwenyeji. Katika miaka ya 2020 na 2021 tulijifunza kwa machungu kwamba mgeni anaweza kuja na mwenyeji asipone. Masharti mengi ya safari yaliwekwa wakati ule, na baadaye yakaondolewa. Swali ninalotaka tulitafakari Ijumaa hii ni hili: je, yalipoondolewa masharti yale, uliondoka pia wajibu uliokuwa nyuma yake? Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini, ikiwa ni pamoja na kukiri makosa yangu mwenyewe mawili.

Tukumbushane kwanza yaliyopita, maana binadamu ni mwepesi wa kusahau. Tarehe 27 Februari 2020 Saudi Arabia ilisimamisha Umra kwa wageni wa kutoka nje. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa Korona ni janga la dunia nzima. Siku tano baadaye mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa nchini, naye alikuwa Mtanzania aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji. Kabla mwezi huo haujaisha, wasafiri waliotoka nchi zilizoathirika waliagizwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikazuiwa, na Mei 18 zikaruhusiwa tena na karantini ile ikaondolewa. Hija ya mwaka 2020 ilifanywa na watu wachache mno waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia. Ya mwaka 2021 ilikuwa ya watu 60,000, nao pia ni wakazi wa huko. Mahujaji wetu waliokuwa wameweka akiba miaka kumi au zaidi wakasubiri hadi mwaka 2022, na baadhi yao ajali ya mauti iliwatangulia.

Hapa nyumbani takwimu za ugonjwa hazikutangazwa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja tangu Mei 2020, zilipokuwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Watu walinawa mikono kwa maji ya ndoo milangoni mwa misikiti, wengine wakavaa barakoa na wengine wakajifukiza nyungu. Mwaka 2021 mwelekeo ulibadilika. Mei mwaka huo kila aliyeingia nchini alitakiwa kuwa na cheti cha kipimo kilichofanywa ndani ya saa 72, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, Ikulu jijini Dar es Salaam, kuzindua utoaji wa chanjo.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulikuwa na sababu za pekee za kuyaelewa mambo haya. Barabara kuu iendayo Zambia ndiyo mshipa wa uhai wetu. Inapitisha mahindi, viazi na mbao zetu, na inapitisha shaba na mafuta ya jirani zetu. Mei 2020 Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 76 katika mji wa Nakonde, unaotazamana na Tunduma yetu, na Rais Edgar Lungu akaufunga mpaka huo kwa siku kadhaa. Malori yalipanga foleni, na madereva wakanyooshewa vidole kana kwamba wao ndio waliouumba ugonjwa.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa maradhi kutufikia kwa miguu ya wasafiri. Mwishoni mwa mwaka 1918, Vita Kuu ilipokuwa inakwisha, mafua makali yaliyoizunguka dunia yaliingia kusini magharibi mwa nchi hii wakati askari na wapagazi wakirejea makwao, na baada ya ugonjwa ikafuata njaa, kwa sababu waliopaswa kulima walikuwa wamelala kitandani au kaburini. Miaka tisini hivi baadaye, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 hadi 2008 ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI katika Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, yalikuwa zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa. Kwa hiyo mtu wa Makambako au Mafinga hahitaji kufundishwa na mgeni kwamba njia iletayo riziki yaweza kuleta msiba.

Sasa niyaeleze yaliyonipata. Juni 2021, katika baridi ile kali ya Mafinga, dada yangu mkubwa alizidiwa na maradhi ya figo yaliyomsumbua kwa muda mrefu. Mwanawe anaishi Uingereza, ambako ni dereva wa basi. Alikwisha kukata tiketi. Wakati ule Uingereza ilikuwa imeiweka Tanzania katika orodha yake nyekundu tangu Januari, maana yake ni kwamba mtu mzima aliyerejea huko kutoka kwetu alilazimika kufungiwa hotelini siku 10 na kulipa paundi 1,750. Kijana yule alikubali deni hilo. Kilichobaki ni cheti cha kipimo. Siku moja kabla ya safari majibu yalitoka: ameambukizwa. Yeye alijihisi mzima, isipokuwa kikohozi kidogo.

Alinipigia simu usiku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Unakuja lini?"

Akanieleza kisa chote. Kisha akaniambia kuwa yupo mtu aliye tayari kumwandikia cheti safi kwa malipo. "Mjomba, wewe ndiye mwenye elimu. Nifanyeje?"

Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda cha dada yangu. Nilimwona alivyogeuza uso aliposikia sauti ya mwanawe. Jibu la swali lile nililijua, kwa kuwa nimeyasoma mambo haya madrasani na kisha chuo kikuu, na nimeyafundisha kwa miaka mingi. Lakini nilisema, "Mama yako anakungoja. Angalia namna utakavyoweza." Sikulitaja neno kughushi. Hata hivyo yeye alinielewa, nami nilijua kuwa amenielewa.

Hakuja. Siku ya pili alipiga tena akaniambia kuwa alikesha akihesabu watu. Alimhesabu abiria ambaye angeketi ubavuni mwake ndani ya ndege usiku kucha. Akawahesabu watu wa kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Mafinga, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Akawahesabu mabibi wawili waliokuwa wakimwuguza mama yake, na mwisho akamhesabu mama yake mwenyewe. "Mjomba," alisema, "nilishindwa kuwapita watu wote hao kwa karatasi ya uongo." Siku nne baadaye dada yangu alifariki, tukamzika bila ya mwanawe. Yeye alimswalia mama yake swala ya ghaibu, peke yake, chumbani kwake, akiwa bado karantini.

Ndugu msomaji, katika darasa zangu nimefundisha mara nyingi hukumu za msafiri: namna ya kufupisha swala, namna ya kuzikusanya, nani anaruhusiwa kula katika Ramadhani. Siku ile dereva wa basi alinifundisha hukumu ya msafiri ambayo mimi niliikwepa.

Hukumu yenyewe iko wazi. Cheti cha afya ni ushahidi. Mtu anayekionyesha mlangoni pa nchi anashuhudia mbele ya watu wasioweza kuiona damu yake kwamba hana madhara kwao. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.), alipokuwa akiyataja madhambi makubwa kupita yote, alikuwa ameegemea, na alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliinuka akaketi, akalirudia onyo hilo hata masahaba wakatamani anyamaze kwa kumwonea huruma. Aidha, aliwakataza wenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwenye ngamia wazima. Ikiwa ngamia amewekewa haki hiyo, mtu aliyeketi ndani ya basi la Mafinga ana haki kubwa zaidi.

Ama kuhusu safari na maradhi, mafundisho ni mashuhuri: ukisikia tauni iko katika nchi usiiingie, na ikikukuta ndani ya nchi usitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa njiani kuelekea Sham, zama za tauni ya Amwas, takriban mwaka 639 Miladia. Alipofika Sargh akapewa habari za ugonjwa. Aliwataka ushauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikuraishi, ndipo akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana kwamba anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo, akampigia mfano wa mchungaji mwenye mabonde mawili, moja lina majani na jingine ni kavu, ambaye popote atakapochunga atakuwa amechunga kwa kadari. Baadaye ndipo Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika akawasomea hadithi ile ya tauni, na Umar akamshukuru Mola wake.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu wapo ndugu zetu ambao hadi leo husema, "Ajali haikwepeki, basi vyeti na vipimo vya nini?" Kama hoja hiyo ingekuwa sahihi, Umar asingegeuza msafara. Na tazama pia kuwa Abu Ubayda, aliyebaki Sham pamoja na askari wake, hakuikimbia nchi ile ilipokuwa na ugonjwa, akafia huko kwa tauni. Mmoja aliacha kuingia, mwingine aliacha kutoka, na wote wawili walikuwa wakiwalinda watu walio nje ya tauni.

Najua kuna hoja nyingine, nayo ina uzito zaidi. Wapo watakaosema kuwa masharti mengi ya wakati ule hayakuwa ya haki. Mimi sitabishana nao katika hilo. Nchi tajiri zilijaza maghala yao chanjo huku sisi tukipokea shehena ya kwanza ya dozi zipatazo milioni 1 Julai 2021, kisha baadhi yao zikamtaka Mwafrika aonyeshe cheti cha chanjo ambayo hakuwa amefikiwa nayo. Novemba 2021 wataalamu wa Afrika Kusini walipoutangazia ulimwengu kwa uaminifu kirusi kipya kilichoitwa Omicron, walilipwa kwa kufungiwa anga, wao na majirani zao, ilhali kirusi chenyewe kilikuwa tayari kimeonekana Ulaya. Aliyesema kweli ndiye aliyeadhibiwa. Hiyo ni dhuluma, na dhuluma husemwa hadharani: kwa kalamu, katika mabaraza ya mataifa na mbele ya wenye mamlaka. Lakini cheti cha uongo hakimfikii yule dhalimu aliyeketi ofisini. Kinamfikia abiria wa kiti cha jirani, mhudumu wa ndege na bibi mwuguzi wa Mafinga, ambao hawakuandika sharti hata moja. Kulipa dhuluma kwa kumdhuru asiyehusika ni dhuluma ya pili.

Hayo yalikuwa ya wakati wa janga. Tuje katika zama hizi tulizomo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Korona si dharura ya kimataifa tena. Masharti ya safari yalikuwa yamekwisha kulegezwa hatua kwa hatua kuanzia mwaka 2022, na idadi ya watalii waliokuja nchini, ambayo ilianguka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020, ilivuka milioni 1.8 mwaka 2023. Alhamdulillahi. Magari ya wageni yanapita tena Iringa kuelekea Ruaha, na ndege zinatua Songwe zikiwa na jamaa zetu. Lakini maradhi hayakutia saini mkataba wa kuondoka. Marburg ilizuka Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025, na Machi 2025 nchi yetu ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa mpox.

Tofauti ya wakati huu na ule ni moja. Wakati ule afisa wa mpakani alikuuliza, ukalazimika kujibu. Leo maswali ni machache, na mengi ya yale aliyokuwa akiyauliza afisa umeachiwa wewe ujiulize mwenyewe. Mwenye kuogopa afisa tu ataona amepata uhuru. Mwenye kumwogopa Mola wake ataona amebebeshwa mzigo uliokuwa ukibebwa na wawili.

Hapa ndipo lilipo kosa langu la pili. Desemba 2023 mpwa wangu alikuja, na mkewe na watoto wawili. Alikwenda kwanza kaburini kwa mama yake, akasimama kwa muda mrefu. Kabla ya kuja alikuwa ameniuliza kwa simu kama awape watoto dawa za kinga ya malaria. Nilicheka nikamwambia, "Mwanangu, huku kwetu ni baridi, mbu wa wapi?" Ni kweli kwamba Iringa na Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria ndogo kabisa nchini, na mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700. Lakini mgeni hakai mahali pamoja. Watoto walitaka kuliona ziwa. Wakashuka Tukuyu, wakafika Kyela, wakalala siku tatu ufukweni Matema. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, kuna joto, kuna mabonde ya mpunga, na mbu wa malaria wapo. Mtu anaweza kunywa chai akiwa na sweta Uyole asubuhi na jioni akaumwa na mbu Kyela.

Siku ya kumi baada ya kurejea Uingereza binti yake mdogo alipandwa na homa. Huko ilikuwa majira ya baridi na mafua yamejaa kila nyumba. Daktari yeyote angeweza kudhani ni mafua, au ni Korona, akamrudisha nyumbani kwa dawa ya kutuliza homa. Lakini baba yake, kabla hajaulizwa, alisema mlangoni: "Tumetoka Tanzania, tulilala kando ya ziwa, na watoto hawakunywa dawa ya kinga." Damu ilipimwa saa ile ile. Ilikuwa malaria. Mtoto alilazwa, akatibiwa, akapona kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Ulimi ule uliokataa kusema uongo mwaka 2021 ndio uliosema kweli bila kuulizwa, na safari hii kweli iliokoa maisha.

Jambo hili lina maelezo yake, na kila mwenye ndugu ughaibuni anapaswa kuyajua. Mtu aliyekulia penye malaria hujenga kinga ya kiasi kwa kuumwa mara kwa mara, lakini akiishi miaka kadhaa mahali pasipo na ugonjwa huo kinga hupungua, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Kwa hiyo yule asemaye, "Mimi ni mzaliwa wa huku, malaria ni ndugu yangu," anajidanganya. Katika nchi kama Uingereza na Ufaransa, sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria si watalii wa hotelini. Ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea jamaa zao. Mtalii hupewa nasaha na daktari akazifuata, na jamaa yetu hupewa nasaha na mjomba wake kwa simu. Malaria ile kali kwa kawaida hujitokeza kuanzia wiki moja baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya mwezi, lakini yaweza kuchelewa zaidi. Ndiyo maana dawa za kinga huendelea kunywewa kwa siku kadhaa au wiki kadhaa baada ya safari kwisha, kutegemea aina yake, na ndiyo maana homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari ipimwe malaria upesi.

Aidha, nimewasikia kwa masikio yangu wasafiri wakisimulia kwamba wanayo kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, waliyoinunua bila kuchomwa sindano. Wanalisimulia kama ushujaa. Hebu tufikiri pamoja. Mtu huyo anakwenda Kongo ambako ugonjwa upo, anaumwa na mbu, anarudi. Mbu aina ya Aedes, mwenye uwezo wa kueneza homa ya manjano, ndiye aliyeeneza homa ya dengue Dar es Salaam mwaka 2014 na mwaka 2019. Mbu tunaye. Anachokosa ni mgonjwa wa kwanza, na mwenye kadi ya uongo amejitolea kuwa huyo. Haya yote kwa kukwepa sindano moja, ambayo tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa zinaitambua kuwa inatosha maisha yote. Ni hivyo hivyo kwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo wanayotakiwa mahujaji kuipata angalau siku 10 kabla ya kuwasili Saudi Arabia. Sharti hilo lilikazwa baada ya mlipuko wa mwaka 1987, pale mahujaji waliporudi makwao na ugonjwa. Hujaji anayenunua karatasi bila chanjo anaianza ibada yake kwa ushahidi wa uongo, kisha anasimama Arafa akiomba asamehewe. Asamehewe lipi, ilhali analo mfukoni?

Basi tufanyeje? Kwa wewe mgeni unayerejea Mbeya au Iringa: mwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, umtajie njia yako yote, si kituo cha mwisho tu, maana Dar es Salaam, Ruaha na Kyela si Mafinga. Ukiwa na homa au kikohozi kizito, ahirisha. Na ikiwa umekwisha fika, kaa kando na wazee mpaka upone. Salamu ya mbali inatosha. Ukirejea na ukaugua, taja safari yako kabla hujaulizwa.

Na kwako mwenyeji, ambaye ndimi niliyekosea zaidi: usimpe mgeni fatwa ya afya usiyoijua. Mtandikie chandarua hata kama wewe hukihitaji. Mgeni akisema, "Shangazi, naomba nisikukumbatie leo, nina mafua," usihesabu kuwa ameota kiburi cha Ulaya, amekuheshimu. Akikuambia hawezi kuja mazishini kwa sababu ni mgonjwa, usimwambie kuwa amemtupa marehemu. Wengi wetu tuliwabebesha vijana wetu lawama hiyo miaka ile, na wapo wanaoibeba mpaka leo.

Mwaka ule alipokuja, tukiwa tumetoka kaburini, mpwa wangu aliniuliza: "Mjomba, nilitenda haki, au nilimkosea mama?" Nilimwambia kwamba alitenda haki, na kwamba mimi ndiye niliyemkosea yeye, kwa kumjibu kwa maneno ya kupinda alipohitaji maneno yaliyonyooka. Nikamwomba radhi, akanisamehe. Nimeliandika hapa kwa sababu naamini kuna mijomba na mashangazi wengi walioulizwa swali kama lile, na wengi zaidi wataulizwa, kwani haya hayatakuwa maradhi ya mwisho. Tukiulizwa tena, na tujibu kwa unyoofu, ili mgeni aje na mwenyeji apone kweli.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika miaka ile migumu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wakweli tunapoondoka na tunaporejea. Wabillahi tawfiq.